Gari Lililoachwa na Mpangaji: Maswali ya Wenye Ploti wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mpangaji amehama, funguo za nyumba umeletewa na jirani, na karibu na tangi la maji kumebaki Toyota yenye tairi mbili zisizo na upepo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wenye ploti na wasimamizi wao huuliza tena na tena, kuanzia Kaptembwa na Section 58 mpaka Manyatta, Kondele na Kakamega mjini. Yanaanza na ya kawaida. Vioja viko mwishoni. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Na kila tunaposema wakili, tunamaanisha wakili mwenye leseni, si yule jamaa wa kupiga chapa hati za kiapo nje ya korti.

## Mambo ya msingi

1. Gari liko kwenye ploti yangu na mwenyewe ametoroka. Si limekuwa langu?

La. Ploti ni yako, gari ni la mwenyewe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinamchukulia mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Likikaa hapo miezi sita au miaka miwili, jina halibadiliki.

Ukiliuza kiholela, unajiletea mambo mawili. La kwanza ni kesi ya madai: mwenyewe akirudi atadai thamani ya gari, na thamani atakayoitaja haitakuwa ile uliyoiona wewe ukipita karibu na tangi. La pili ni jinai. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) kinahusu wizi wa gari, na adhabu yake inafika miaka saba. Huenda mahakama ikaona hukuwa na nia ya kuiba, lakini utakuwa umeyaeleza hayo ukiwa umesimama kizimbani.

2. Ana deni langu la kodi ya miezi minne. Hilo halinipi haki juu ya gari?

Linakupa haki ya kudai kodi. Gari ni jambo jingine, na hapa ndipo watu hujikwaa. Deni ni kati yako na mpangaji, ilhali gari linaweza kuwa la shemeji yake, la benki, la chama, au la mteja aliyemwachia alitengeneze. Zipo njia za kisheria za kuunganisha deni na gari (swali la 15), lakini zote hupitia kwa dalali mwenye leseni au mahakamani. Hakuna inayopitia kwako na fundi wako peke yenu.

3. Nitajuaje kama ameliacha kabisa au ameliegesha tu?

Tazama mwenendo wake wote. Nyumba imebaki tupu? Kodi ilisimama lini? Alirudisha funguo? Simu yake inaita na hapokei, au imezimwa kabisa? Mtu aliyelipa kodi hadi mwisho wa mwezi bado ni mpangaji wako hata kama hujamwona wiki tatu. Wako wanaokwenda kufanya kazi Ghuba wakaacha gari na ujumbe mmoja kwa mlinzi, na mlinzi yule akaacha kazi kabla ya kukuambia. Uliza majirani kwanza.

4. Nikishathibitisha ameondoka, nianze na nini?

Piga picha. Pande zote nne, namba, kioo cha mbele pamoja na stika zake, tairi, taa, na ndani kupitia kioo. Piga tena kila baada ya wiki chache. Mwombe jirani mmoja asiye ndugu yako awepo, na mwandike karatasi fupi yenye tarehe na sahihi za wote wawili: rangi, hali, kilichokosekana tangu mwanzo. Usivunje kioo, usifungue buti, usijaribu kuliwasha.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa siku mwenyewe akirudi na orodha ya vitu "vilivyokuwemo". Swali la 27 linaeleza zaidi.

5. Kisheria nina wajibu gani wa kulilinda, wakati sikuomba liachwe?

Mdogo, lakini upo. Mtu aliyeachiwa mali bila kuomba halazimiki kuitunza kama aliyelipwa kuilinda. Hatakiwi kuliosha, kulijaza upepo wala kulifunika turubai. Anachokatazwa ni kuliharibu kwa makusudi, kulitumia, au kulikabidhi ovyo kwa asiyehusika. Watoto wa ploti wakilifanya uwanja wa michezo na wewe unatazama, hapo utakuwa umejiweka pabaya.

## Kumtafuta mwenyewe

6. Gari ni la nani hasa? Nitajuaje?

Swali hili ndilo la kwanza kwa umuhimu, na ajabu ni kwamba wengi hulifikia la mwisho, baada ya kuita brekdauni. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, fungua huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), uombe rekodi ya gari kwa kutumia namba zake. Kuna ada ndogo. Asiyejiweza na simu aende Huduma Centre, Nakuru au Kisumu, asaidiwe.

Rekodi itakuonyesha jina la aliyesajiliwa pamoja na maelezo ya gari. Soma jina hilo polepole. Likiwa la mpangaji wako, njia yako imefupika. Likiwa la mtu mwingine, notisi zote zitumwe kwa wawili hao. Likiwa la mpangaji pamoja na benki au kampuni ya mikopo, habari njema: mkopeshaji ana anwani, ana simu inayopokelewa, na ana hamu ya kulipata gari kuliko wewe unavyotamani liondoke.

Usisahau kwamba Wakenya wengi hununua gari kwa mkataba wa karatasi na kuchelewa kubadilisha jina, ingawa Sheria ya Trafiki inawapa siku 14 tu za kufanya hivyo. Kwa hiyo aliyesajiliwa anaweza kukuambia, "Mimi niliuza hiyo gari zamani." Mwombe akuandikie hivyo na akuonyeshe mkataba wa mauzo.

Angalia pia sajili ya dhamana iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017. Huko ndiko wakopeshaji huandikisha mali iliyowekwa rehani, na mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni.

7. Namba zimeng'olewa. Nifanyeje?

Usiguse. Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Gari lisilo na namba kwenye ploti ni la mtu mwenye sababu, na sababu hiyo huenda isikupendeze. Polisi wanaweza kulitambua kwa namba ya chesisi na ya injini. Namba ya chesisi mara nyingi huonekana chini ya kioo cha mbele au kwenye kibao cha nguzo ya mlango, hivyo unaweza kuipiga picha kwa nje bila kufungua chochote.

8. Simu ya mpangaji imezimwa. Notisi niipeleke wapi?

Kote unakoweza, na uweke ushahidi wa kila mahali. SMS na WhatsApp kwa namba aliyokuwa akilipia kodi kwa M-Pesa. Barua kwa rejista ya posta kwa anwani iliyo kwenye mkataba wa nyumba. Nakala kwa ndugu aliyemwandika kama mtu wa karibu, kama fomu yako ina nafasi hiyo (isipokuwa nayo, ongeza leo kabla mpangaji mwingine hajaingia). Nakala kwa mwajiri ikiwa unamjua. Nakala nyingine ibandikwe juu ya kioo cha gari lenyewe na kupigwa picha.

Chifu wa eneo pia husaidia kuliko watu wanavyodhani. Hana mamlaka ya kukupa gari, lakini mpangaji aliyehamia Rhonda kutoka Shabab hajaenda mbali, na ofisi ya chifu na wazee wa nyumba kumi huweza kumpata.

Kioo cha mbele kikiwa na stika ya bima, hata iliyokwisha muda, mna jina la kampuni na namba ya bima. Kampuni haitakupa simu ya mteja wake, na haipaswi. Lakini unaweza kuiandikia na kuiomba imfikishie ujumbe.

9. Notisi yenyewe isemeje?

Fupi, bila matusi, bila vitisho vya uchawi. Mfano huu unatosha. Majina na tarehe jaza yako:

"Kwako Bw./Bi. ___. Uliondoka katika nyumba namba ___, ploti ___, tarehe ___. Gari aina ya ___, namba ___, rangi ___, limebaki kwenye ploti bila ruhusa. Unaombwa kulichukua ndani ya siku 30 kuanzia tarehe ya notisi hii, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa umiliki. Usipolichukua, nitachukua hatua za kisheria, zikiwemo kuomba amri ya mahakama ya kuliondoa na kuliuza, kwa gharama yako. Notisi hii haiondoi haki yangu ya kudai kodi ya Sh ___ unayodaiwa. Wako, ___."

Siku 30 ni ushauri wetu, zinaonekana za haki mbele ya hakimu. Anza na barua laini ya siku 14, halafu hii. Deni litajwe, lakini usiandike "lipa ndipo upewe gari". Sababu iko katika swali la 14.

10. Naweza kumwanika Facebook au kwenye grupu la WhatsApp la mtaa?

Picha ya gari na maneno "mwenye gari hili aliyekuwa akiishi kwetu awasiliane nasi" haina ubaya. Kuweka nakala ya kitambulisho chake, picha yake na neno "mwizi" ni kujitafutia kesi mbili kwa mpigo, ya kashfa na ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Na wanaosoma grupu la mtaa si wote wema. Picha ya gari lisilo na mwenyewe ni mwaliko wa watu wa betri.

## Polisi, kaunti na brekdauni

11. Polisi watakuja kulichukua?

Kwa kawaida la, isipokuwa liwe limeripotiwa kuibwa au limehusika na uhalifu au ajali. Watakuambia hayo ni mambo ya madai, na wana haki. Ukiingia kituo chochote utaona magari yanayooza uani; hawana haja na lako.

Nenda hata hivyo. Ripoti, waombe waangalie kama linatafutwa, na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Nambari hiyo inaonyesha hukulificha. Isitumike kama leseni ya kuuza: kuna wanaoamini kwamba OB ikikaa siku 90 gari ni lako. Si kweli.

12. Nikilisukuma nje ya geti, si kaunti italivuta?

Huenda ikalivuta, lakini aliyeliweka barabarani utakuwa ni wewe. Gari likizuia njia au likisababisha ajali usiku, utaulizwa lilifikaje hapo. Likivuliwa tairi kabla ya asubuhi, hasara hiyo inakuelekea wewe. Ikiwa mpangaji mwenyewe ndiye aliyeliacha nje, kwenye hifadhi ya barabara, hilo ni la polisi wa trafiki na kaunti, na wewe huna la kufanya zaidi ya kuripoti.

13. Naweza kulihamisha ndani ya ploti, au kulipeleka yadi, na nimtoze gharama za kuegesha?

Kulisogeza kutoka mlango wa mpangaji mpya hadi pembeni ni sawa, likisukumwa kwa uangalifu na picha zikapigwa kabla na baada. Usiliendeshe barabarani: Sheria ya Bima ya Magari kwa Mtu wa Tatu (Sura ya 405) inakataza kutumia gari lisilo na bima ya mtu wa tatu, na bima yake, kama ipo, si yako.

Kulipeleka yadi ni hatua kubwa zaidi. Ifanye baada ya notisi kuisha, kwa sababu inayoeleweka kama ujenzi au njia ya zimamoto kuzibwa, na umjulishe mwenyewe kwa maandishi lilipo. Weka risiti ya brekdauni na ya yadi. Hizo ni gharama halisi unazoweza kudai. Ada ya kuegesha unayojitungia mwenyewe, Sh 500 kwa siku kwenye uwanja wa matope, haitamshawishi hakimu kama haikuwemo kwenye mkataba wala kwenye notisi.

14. Amekuja kulichukua. Nifunge geti mpaka alipe kodi?

Usifunge. Fundi aliyetengeneza gari ana haki ya kulishikilia mpaka alipwe kazi yake. Mwenye nyumba hana haki kama hiyo kwa sababu tu gari limeegeshwa kwake. Ukimzuia ataenda polisi, na ghafla wewe mdai umekuwa mdaiwa.

Fanya hivi badala yake. Thibitisha ni yeye au ametumwa naye kwa barua. Mpe karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kupokea gari katika hali lilivyo. Ya pili ni ya kukiri deni na tarehe za kulilipa. Wengi husaini ya pili ilimradi geti liwe wazi, na karatasi ya mtu kukiri deni kwa mkono wake ni bora kuliko Premio iliyokufa injini. Akikataa kusaini, mwache aende. Deni la mkataba linaweza kushtakiwa ndani ya miaka sita.

## Kuliuza kwa njia halali

15. Njia halali ni zipi?

Ya kwanza, na bora kuliko zote, ni makubaliano. Mpangaji akipatikana na gari ni lake, anakuuzia au anamuuzia mtu mwingine, deni linakatwa, na uhamisho wa jina unafanywa na yeye mwenyewe kwenye akaunti yake ya eCitizen. Watu huona haya kumpendekezea mtu aliyewatoroka. Jaribuni. Mtu anayekwepa deni la Sh 40,000 mara nyingi hujificha kwa aibu, na akisikia kuna mlango wa kutokea atapiga simu.

Ya pili ni kukamata mali kwa ajili ya kodi, chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi (Sura ya 293). Hii ni ya deni la kodi tu. Maji, stima, rangi ya ukuta na gharama za yadi haziingii. Hufanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, na hutoa notisi kabla ya kuuza. Nguvu yake ni wakati mpangaji bado yumo. Akishahama na upangaji ukawa umekwisha, njia hii inakuwa ya mashaka, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kumlipa dalali. Na kwa nyumba za kodi isiyozidi Sh 2,500 kwa mwezi, zinazolindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba (Sura ya 296), huwezi kukamata mali bila ruhusa ya mahakama ya kodi za nyumba.

Ya tatu ni mahakama. Unamshtaki mpangaji kwa deni, unapata hukumu, halafu dalali anakamata gari kwa hati ya mahakama na kulipiga mnada. Inafaa pale gari lilipo kwa jina la mpangaji mwenyewe. Likiwa la mtu mwingine, au hudai kodi ila unataka nafasi yako tu, wakili anaweza kuomba amri ya kuliondoa au kuliuza.

Kwetu sisi, gari lenye thamani lipelekwe njia ya tatu hata kama inachosha. Amri ya mahakama ndiyo karatasi pekee ambayo mnunuzi, NTSA na mpangaji mwenyewe wote wataiheshimu.

16. Ni mahakama ipi, na lazima niwe na wakili?

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, yakiwemo ya uharibifu wa mali na ya kurudishiwa mali inayohamishika. Sheria yake inataka kesi imalizike ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha. Lakini haigusi migogoro ya umiliki wa ardhi au ya nani akae kwenye ardhi. Nakuru ipo, Kisumu ipo. Dai likiwa ni la kodi, au ni kubwa zaidi, uliza masjala kabla ya kulipa ada, maana huenda ukaelekezwa kwa Hakimu wa kawaida.

Na usiogope kwamba mpangaji hajulikani alipo. Tangu mwaka 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu hati za mahakama kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu kama WhatsApp.

17. Nimeona matangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: "chukua gari lako ndani ya siku 30 la sivyo litauzwa." Siwezi kutangaza hivyo tu?

Matangazo hayo hutolewa chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa (Sura ya 38). Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyepokea mali katika biashara yake ili aihifadhi au aitengeneze: gereji, yadi, fundi wa redio, dobi. Wewe hukupokea gari, uliachiwa. Ndiyo maana mwenye nyumba anayeitegemea peke yake anasimama juu ya ubao mwembamba. Lakini ukiwa umelipeleka yadi baada ya notisi, au mkataba wako ulikuwa na ada ya maegesho, mambo yanaweza kubadilika, na wakili atakuambia kama tangazo linafaa.

Hata pale lisipohitajika, tangazo la gazetini huimarisha ombi lako mahakamani. Linaonyesha ulipiga baragumu.

18. Ni mkweche mtupu. Si niwauzie watu wa chuma chakavu?

Hapana, mpaka upitie hatua zilezile. Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka wanunuzi wawe na leseni na waweke rekodi ya waliowauzia. Maana yake jina lako na kitambulisho chako vitabaki kwenye daftari la mtu, siku chesisi ile itakapoulizwa. Mnunuzi asiyekuuliza chochote ndiye wa kumwogopa.

19. Mnunuzi wa mnada atapataje logibuku?

Kwa hati za mnada: amri au hukumu ya mahakama, hati ya mauzo kutoka kwa dalali, na tangazo la mnada. Ndiyo maana njia za mkato hazina faida. Gari unalouza bila uwezo wa kubadilisha jina huuzwa kwa bei ya vipuri.

20. Likiuzwa kwa pesa zaidi ya deni?

Zinazobaki baada ya deni na gharama ni za mwenye gari. Usizipangie.

21. Mkataba wangu una kipengele: "kitakachobaki baada ya siku 30 kitakuwa mali ya mwenye nyumba." Hakitoshi?

Kinasaidia dhidi ya mpangaji, maana alisaini. Hakimfungi asiyesaini: benki, kaka yake, mteja wake. Kwa hiyo swali la 6 bado linakungoja.

## Vioja

22. Kilichoachwa ni bodaboda ya mkopo.

Hii imejaa magharibi yote, kutoka Bungoma hadi Homa Bay. Kijana ameshindwa na malipo ya kila siku, ameificha kwenye korido ya ploti na kurudi kwao. Kampuni ya mkopo kwa kawaida ndiyo iliyoshika logibuku, na pikipiki nyingi za aina hii zimefungwa kifaa cha kufuatilia. Wapigie wao. Wakija, taka kitambulisho cha kazi na barua ya kampuni inayotaja namba za pikipiki, waandike kwamba wameichukua, na upate OB kabla haijatoka getini. Wapo matapeli wanaojifanya maajenti wa kampuni hizo.

23. Mpangaji alifariki na gari limebaki.

Usimpe ndugu wa kwanza kufika, hata akilia. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Mwenye mamlaka ni aliyepewa hati ya usimamizi wa mirathi na mahakama. Barua ya chifu ni mwanzo wa safari hiyo, si mwisho wake. Familia ikigombana, na hutokea, wewe baki na funguo zako na karatasi zako. Deni la kodi unalidai kwenye mirathi.

24. Mume amehama, mke amebaki nyumbani, na anataka auze gari la mumewe ili alipe kodi.

Ukiwa na huruma naye mwongezee muda. Usinunue gari hilo.

25. Gari lina namba za Uganda.

Kisumu na Busia hili si geni. Gari la nje huingia nchini kwa kibali cha muda, na muda ukipita bila ushuru kulipwa, Mamlaka ya Ushuru (KRA) inaweza kulikamata. NTSA haitakuwa na rekodi yake, kwa hiyo swali la 6 halitakufikisha mbali. Ripoti polisi na ofisi ya forodha ya KRA kwa maandishi, na usikubali mtu akushawishi "tulibadilishe namba". Gari la namba za GK, yaani la serikali, nalo liripotiwe polisi siku hiyo hiyo.

26. Mpangaji wangu alikuwa makanika. Amehama na kuacha magari saba ya wateja.

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu una mpangaji mmoja na wenye magari saba ambao huwadai chochote wala hujawahi kuwaona. Kodi ya fundi si deni lao. Ukiyakamata magari yao kwa deni lake, watakuja na wakili mmoja kwa pamoja.

Anza kwa kutafuta rekodi ya kila gari NTSA, moja moja. Uliza mafundi wa jirani. Kwenye jua kali kila mtu anajua Noah ile ni ya nani. Kila mwenyewe apelekewe notisi yake. Atakayekuja na uthibitisho mpe gari lake, asaini, aende. Akisema fundi bado anamdai au yeye anamdai fundi, hayo wataelewana wenyewe. Mahali palipopangishwa kama gereji ni jengo la biashara, na huenda upangaji wake uko chini ya Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa (Sura ya 301). Kama mpangaji hajauacha rasmi, usibadilishe kufuli kabla ya kuzungumza na wakili. Magari yatakayobaki bila mwenyewe, na kwa kawaida yatabaki mawili matatu yasiyo na injini, yapitishwe pamoja kwenye ombi moja mahakamani ili upunguze gharama.

27. Mwenyewe amerudi baada ya mwaka, anasema betri, redio na rimu zimeibwa.

Mwonyeshe picha za siku ya kwanza na zilizofuata. Betri isiyokuwepo kwenye picha ya kwanza haikuibwa kwako. Ikiwa vitu viliibwa kweli baadaye, sema hivyo, na uonyeshe OB uliyochukua siku uliyogundua. Uliripoti wizi uleule uliokumba mali usiyoomba kuilinda, na hapo swali la 5 liko upande wako. Akitaka kushtaki, madai ya uharibifu wa mali yana muda wa miaka mitatu. Picha hizo zisifutwe kabla ya hapo, na zisikae kwenye simu moja.